Alama ndogo kama punje ya mchele: kutengeneza au kubadilisha kioo cha sanrufu

Tulikuwa tumekwisha kuipita Chalinze tukielekea Segera, nyuma ya lori lililopakia kokoto bila turubai, niliposikia mlio mmoja mkavu juu ya kichwa changu, kama mtu aliyegonga sahani kwa kijiko. Tulipofika Mkata niliegesha, nikasimama kwenye kizingiti cha mlango na kuangalia juu ya gari. Karibu na ukingo wa kushoto wa kioo cha sanrufu, lile dirisha la paa linalofunguka, palikuwa na alama nyeupe isiyozidi punje ya mchele, na nilipopitisha ukucha juu yake, ukucha ulinasa. Hapakuwa na ufa wowote. Nilimshukuru Mungu, tukaendelea na safari hadi Tanga, na kwa siku nne nzima sikulifikiria tena jambo hilo.

Niliporudi Dar es Salaam nilimpelekea fundi kijana ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amenizibia tundu dogo kwenye kioo cha mbele, kazi ambayo hadi leo inaonekana kama doa hafifu tu. Aliangalia, akasema ni kazi ya nusu saa na gharama yake ni shilingi 40,000. Nilikaribia kukubali, maana niliona kuwa kioo ni kioo, na kama cha mbele kimepona, kwa nini cha juu kisipone? Kilichonizuia ni foleni ya magari yaliyokuwa yakimsubiri, nikaamua kwenda kwa mzee mmoja anayefanya kazi ya vioo kule Ilala. Yeye hakugusa ile alama kwanza. Alichukua kitambaa kibichi, akafuta vumbi kwenye kona ya nyuma ya kioo, kisha akaniita, "Dada, njoo usome mwenyewe hapa."

Kwenye ile kona, kwa herufi ndogo zilizochapwa chini ya jina la kiwanda, paliandikwa TEMPERED, yaani kioo kilichokazwa kwa moto. "Hiki hakizibwi," akasema. "Hiki ama ni kizima, ama kimekwisha."

Natamani mtu angeniambia hayo siku niliyonunua gari, kwa hiyo nitayaeleza kwa kirefu. Kioo cha mbele cha gari ni mabamba mawili membamba ya kioo yaliyoshikanishwa na utando wa plastiki ngumu katikati. Jiwe likikipiga, mara nyingi huumia bamba la nje peke yake, na fundi huweza kufyonza hewa iliyoingia kwenye tundu, akasukumia resini, yaani gundi ya majimaji, na kuikausha kwa mwanga wa urujuanimno. Bamba la ndani na utando hubaki vimeshikilia kila kitu mahali pake. Kioo cha sanrufu katika magari mengi, hasa haya ya Kijapani tunayoyaagiza yakiwa yametumika, ni bamba moja tu, lililopashwa moto mkali zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi kisha likapulizwa hewa ya baridi kwa ghafla. Uso wa nje hupoa na kuganda kabla ya moyo wake, na moyo unapokuja kupoa baadaye hutaka kusinyaa lakini unazuiwa na uso ambao umekwisha kuwa mgumu. Ndiyo maana kioo hicho huishi maisha yake yote kikiwa katika mvutano, uso ukiwa umebanwa na moyo ukiwa umevutwa, na mvutano huohuo ndio unaokifanya kihimili mapigo ambayo kioo cha kawaida kisingeyahimili.

Ila mvutano huo una masharti yake. Jeraha likiishia kwenye ngozi ya juu iliyobanwa, kioo hubaki kimesimama. Likifika kwenye sehemu ya ndani iliyovutwa, kioo chote huachia mara moja, kutoka ukingo hadi ukingo, na kuwa vipande vidogo vidogo kama chumvi ya mawe. Hakuna hatua ya kati ambayo resini ingeweza kuiwahi, na fundi akijaribu kukitoboa kidogo ili apate njia ya kuingizia gundi, atakivunja mikononi mwake. Hata gundi ikikubali kukaa juu ya alama, inakuwa imeficha doa tu, kwa sababu haiwezi kurudisha ule mbano uliopotea. Baada ya maelezo hayo niliacha kuhesabu kwamba nimepata nafuu kwa kuwa alama ilikuwa ndogo. Kilichokuwa na maana ni kina chake, na kina hicho hakuna aliyeweza kunipimia kwa macho.

Mzee hakunilazimisha kununua chochote siku ile. Alinipa maagizo mawili: nibandike utepe mpana unaoonyesha juu ya kioo kizima, na nisifungue kabisa kile kizuia jua cha ndani kinachoteleza chini ya kioo. Nilitii, nikaanza kutafuta kioo kingine polepole, nikiamini kwamba nina wiki kadhaa.

Nilikuwa na siku tisa. Asubuhi moja, nikipita taratibu juu ya tuta la barabarani karibu na nyumbani, kioo kiliachia kwa mshindo ambao ulinifanya nidhani tairi limepasuka. Tuta hukunja bodi ya gari kidogo kabisa, na mkunjo huo mdogo ulitosha. Nilipotazama juu niliona kitambaa cha kizuia jua kimebonyea kwa uzito, na kupitia pembeni chembe tatu au nne zilidondoka kwenye kiti cha nyuma, kiti ambacho saa moja kabla alikuwa amekaa mwanangu. Nyingine zote zilibaki juu, nusu zimeshikwa na utepe na nusu zimelala kwenye kizuia jua. Bado nikikumbuka kile kiti moyo hunidunda.

Ikikutokea, usikifungue kizuia jua kwa udadisi wa kuangalia, kwa maana chembe zote zitashuka na kuingia kwenye reli, na huko hukwaruza na kukwamisha mota. Usibonyeze swichi ya sanrufu. Usiingie barabara kuu kwa mwendo wa kasi, kwa kuwa hewa inayopita juu ya paa huwa na mgandamizo mdogo kuliko iliyomo ndani, na kioo kilichovunjika hunyonywa nje na kuwaangukia walio nyuma yako. Funika kwa nailoni nene, endesha polepole, na kwa chembe tumia mashine ya kufyonza vumbi, kamwe usifute kwa mkono.

Hapo suala la kutengeneza lilikuwa limejifunga lenyewe, likabaki suala la kubadilisha kwa njia gani, na hapa nilipata ushauri mwingi kuliko fedha niliyokuwa nayo. Jirani yangu mmoja alinishauri nizibe kwa bati na kupiga rangi, akisema sanrufu yenyewe ni anasa. Mwingine alipendekeza plastiki ngumu ya kuonyesha, ikatwe kwa kipimo na kubandikwa kwa silikoni. Niliyafikiria yote mawili kwa dhati kwa sababu ni rahisi kwa bei, nikayakataa yote mawili. Plastiki ya kawaida huchubuka na kufifia kwa jua, na ikipata joto hutanuka kuliko chuma kinachoizunguka, hivyo gundi huanza kuachia kwenye kingo. Silikoni ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula chuma. Bati nalo linaweza kufanywa vizuri na fundi wa bodi aliye makini, lakini likifanywa kwa haraka huacha mfereji wa maji wa chini yake ukiwa haufikiki tena kusafishwa. Mtu aliyekusudia kabisa kutotumia sanrufu maisha yake yote anaweza kulifikiria. Mimi sikuwa mtu huyo.

Kioo kipya kwa kuagiza kilitajwa kwa bei iliyozidi mara tatu ya kile kilichotumika. Nilichagua kilichotumika, kutoka kwenye gari lililokatwa, na nilikilipia shilingi 280,000 kikiwa na fremu yake ya chuma na mpira wake. Kubadilisha kioo cha aina hii ni rahisi kuliko nilivyodhani: kimeshikwa kwa skrubu chache kila upande wa ndani, na fundi hukitoa na kukiweka bila kushusha kitambaa cha dari. (Penye ulazima wa kushusha kitambaa hicho, hakikisha fundi anajua kama gari lako lina mifuko ya hewa ya pembeni, kwa sababu hukunjwa humohumo kwenye kingo za paa.) Ugumu uko kwenye kuchagua. Nilikataa vioo viwili kabla ya kupata hicho, kimoja kwa sababu fremu ilikuwa imepinda kwa kiasi ambacho kilionekana tu tulipokilaza juu ya meza bapa, na cha pili kwa sababu mpira wake ulikuwa umekakamaa na kupasuka kwenye kona. Cha tatu nilikikagua juani, nikipitisha ukucha taratibu kwenye uso wote na hasa kingo, kwa kuwa nisingependa kununua punje nyingine ya mchele.

Kazi ya mzee iliyonifurahisha zaidi ni kupanga usawa wa kioo na paa. Alikaza skrubu nusu, akaweka rula ya chuma katikati ya kioo na bati, akainamisha kichwa kuangalia mwanga unaopita chini ya rula, akagusa skrubu, akaangalia tena. Alitaka ukingo wa mbele uwe sawa na paa au chini yake kwa unene wa kadi, na ukingo wa nyuma usawa au juu kidogo, ili upepo upite bila kupiga mluzi na bila kusukumia maji ndani. Alitumia karibu saa nzima kwenye jambo hilo peke yake. Mwisho alibonyeza swichi na kuishikilia hadi kioo kikaenda na kurudi, ili mota ijifunze upya mahali pa kusimama.

Nisingependa msomaji aelewe kwamba kila kioo cha paa ni cha kubadilisha. Shemeji yangu ana gari la Ulaya lenye paa pana la kioo, nalo lilipigwa na jiwe vilevile. Tulipofuta kona yake tulikuta ni kioo cha mabamba mawili, na ukingo ulipoonekana penye mpira, ule mstari wa utando katikati ulikuwa wazi. Tundu lake lilikuwa dogo kuliko sarafu, mbali na kingo, na lilikuwa limeumiza bamba la nje tu. Kwake jibu lilikuwa resini, naye alifanya jambo moja la busara tangu mwanzo: alibandika utepe safi juu ya tundu saa ileile, hivyo vumbi na maji havikuingia, na resini ikakuta mahali safi. Kama ufa ungefika ukingoni, au kama bamba la ndani nalo lingekuwa limeguswa, hata yeye angebadilisha. Na kwa kuwa paa la aina ile hubandikwa kwa gundi ya poliurethani badala ya skrubu, gharama yake ingekuwa ya kutisha.

Kuhusu bima nitasema kwa ufupi. Nina bima kubwa, na niliposoma mkataba wangu kwa utulivu niliona kifungu cha vioo kinataja kioo cha mbele na madirisha pekee, bila neno lolote kuhusu paa. Nimekwisha kuandika barua kuomba paa liongezwe wakati wa kuhuisha. Someni mikataba yenu kabla ya kokoto kuanguka.

Limebaki jambo la maji, ambalo karibu linipotoshe. Kabla ya jiwe lile, kapeti la abiria lilikuwa likilowa kila mvua kubwa, nami nilikuwa nimejiaminisha kwamba kioo kimechakaa na dawa ni kipya. Mzee alinionyesha kwamba sanrufu haikuundwa kuzuia maji yote. Mpira huzuia mengi, yanayopenya huangukia kwenye mfereji unaozunguka tundu, na kutoka hapo hushuka kwa mirija minne, mmoja kila kona, inayopita ndani ya nguzo za gari hadi chini. Vumbi la barabarani na majani ya mwarobaini vikiziba mrija mmoja, mfereji hufurika, na maji hutafuta njia kupitia kitambaa cha dari. Aliyekwenda kununua kioo kwa sababu ya kapeti bichi anaweza kutumia fedha yote hiyo na kulowa vilevile.

Alimimina kikombe cha maji polepole kwenye kona ya mbele kushoto, nami nikachuchumaa kando ya gurudumu. Hayakutoka. Alipitisha waya laini wa breki ya baiskeli ndani ya mrija, kwa upole ili asiuchomoe kwenye kiungio chake, akausokota, akamimina tena. Kwanza lilishuka tope jeusi, kisha chembe mbili za kile kioo changu cha zamani, ziking'aa, halafu maji meupe yakafuata. Tulifanya hivyo kwenye kona zote nne. Mrija wa nyuma kulia bado unatoa maji kwa kusitasita, na mzee amenitaka nirudi kabla ya masika ili aufungue kutokea chini.