Klachi ya CG125 iliyochoka: kufungua, kutafuta spea na kuifunga upya

Ukitaka kujua klachi za Dodoma zinafia wapi, kakae kwenye korongo lolote lenye mchanga upande wa Bahi au Chamwino wakati wa kiangazi. Pikipiki inaingia na magunia mawili ya alizeti nyuma, tairi linazama, dereva anashikilia klachi nusu huku anavuta mafuta mpaka atokee ng'ambo. Pleti zinasuguana bila kushikana, na joto lote linaishia humo humo. Lami ya kwenda Kondoa haili klachi namna hiyo.

Maelezo haya ni ya Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, pamoja na ndugu zake wengi wa Kichina waliotengenezwa kwa muundo uleule: injini ambayo valvu zake zinasukumwa na fito, haina cheni ya taimingi. Boxer, TVS na zile zenye injini ya GN125 zina mpangilio wao, na pleti zake usizilazimishe humu hata kama zinakaribiana kwa macho.

Kwanza hakikisha kweli klachi ndiyo mgonjwa. Klachi inayoteleza utaijua kwenye mwinuko ukiwa gia ya tatu au ya nne: unavuta mafuta, injini inapiga kelele, mwendo haupandi, na pengine harufu ya kuungua inakufikia. Klachi isiyoachia ni ugonjwa mwingine kabisa. Umebana mkono wote lakini pikipiki inataka kusogea, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, na ukisimama neutro haipatikani mpaka uzime injini. Wapo wanaonunua pleti mpya kutibu huu wa pili wakati shida ni waya uliolegea.

Kwa hiyo anza na waya. Ncha ya mkono wa klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuwa nzito. Ikikosa mchezo, waya unavuta muda wote na pleti zinateleza hata kama ni mpya. Mchezo ukizidi, klachi haiachii vizuri. Vumbi la kwetu huingia ndani ya gamba la waya, na mkono ukawa unarudi kwa uvivu. Chomoa waya, utundike, dondoshea oili nyepesi kwa juu mpaka itokee chini. Nyuzi zikishaanza kukatika karibu na kichwa, badilisha waya.

Kisha uliza oili iliyomo. Klachi hii inaogelea kwenye oili ya injini, na baadhi ya oili za magari madogo zina viungo vya kupunguza msuguano, ambavyo hufanya pleti ziteleze. Kopo liwe limeandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili za pikipiki zenye klachi ya namna hii. Ikiwa oili isiyofaa imewekwa juzi tu, imwage, weka iliyo sahihi, endesha siku kadhaa ndipo uamue kufungua.

Waya mzuri, oili nzuri na bado inateleza? Basi fungua. Ila usinunue spea kabla ya kufungua, hata muuza duka akikuhakikishia kwamba "zote za CG ni moja". Si moja. Zipo zenye pleti tano za msuguano, zipo zenye sita, na nyumba ya klachi (bakuli linalobeba pleti) ya 125 haina lazima ya kulingana na ya 150 au 200.

Washa injini dakika chache ili oili ipate joto, kisha imwage kwenye beseni safi na uitazame juani. Unga mweusi laini ni pleti zilizolika. Vipande vya chuma vinavyong'aa ni habari nyingine, huenda nyumba au gia imeumia. Baadhi ya mafundi huilaza pikipiki ubavu wa kushoto ili wasimwage oili. Inawezekana, ukiwa umefunga bomba la petroli na kutoa betri, lakini unaurudishia mtambo uchafu uleule.

Toa kiki, legeza au ondoa pedeli ya breki na chuma cha kukanyagia upande wa kulia. Kava inashikwa na bolti za spana namba 8, na urefu wake haulingani. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava, toboa matundu na uchomeke kila bolti mahali pake. Bolti ndefu ikienda kwenye tundu fupi itapasua kava, au itaishia njiani na kuacha kava ikivuja. Kava ikigoma, igonge kwa kipande cha mti pembezoni. Ukichokonoa kwa bisibisi kati ya nyuso mbili, umetengeneza njia ya oili ya kudumu. Vuta kava moja kwa moja kwa sababu shafti ya kiki inapita humo, na angalia vipini viwili vya kulenga kava visidondoke.

Sasa unaiona klachi: sahani ndogo yenye bolti nne na springi nne, katikati kuna beringi. Legeza bolti kwa kukatiza, yaani moja kisha ya mkabala wake, nusu mzunguko kila moja, la sivyo sahani inapinda. Zungusha ile beringi kwa kidole. Ikikwaruza, iandike kwenye orodha ya kununua.

Kitovu, kile cha katikati kinachovaliwa na pleti, kinashikiliwa na klipu, au kwenye injini nyingine na nati ya duara yenye nafasi nne. Klipu inatoka kwa plaizi ya klipu. Kwa nati, tafadhali patasi iache. Inang'oa vipande vidogo vya chuma vinavyokwenda kukaa kwenye oili, na nati yenyewe hairudi kukaza sawasawa. Mpelekee mchomeleaji boksi spana ya zamani yenye kipenyo kinachokaribiana, achonge meno manne mdomoni. Ili kitovu kisizunguke, weka gia ya juu, mtu akanyage breki ya nyuma.

Vyote vikishatoka, hapa ndipo pa kupoteza muda. Pleti za msuguano huwa na unene wa karibu milimita 3 zikiwa mpya, na zikifika 2.6 zimekwisha. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uijumlishe: pleti tano zikipoteza 0.3 kila moja, fungu lote limepungua milimita 1.5, na springi zimelegea kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana klachi inaweza kuteleza ilhali kila pleti ukiishika mkononi unaona "bado ipo". Pima kwa kalipa, sehemu tatu kila pleti.

Pleti za chuma zilaze juu ya kioo. Geji ya unene wa milimita 0.2 ikipita chini yake, imepinda, na hiyo hasa ndiyo inayozuia klachi kuachia. Rangi ya bluu ni alama ya joto. Usiirudishe hata kama imenyooka. Wengi hubadilisha za msuguano tu na kuziacha hizi, kisha baada ya miezi michache wanamlaumu muuza duka.

Springi zisimamishe kando ya mpya. Zikiwa fupi kwa zaidi ya milimita moja hivi, badilisha zote nne. Ule ujanja wa kuweka washa chini ya springi ili "ziwe ngumu" unafanya mkono uwe mzito, waya unakatika mapema, na springi inaweza kubanana mpaka mwisho kabla klachi haijaachia.

Halafu nyumba, lile bakuli lenye gia nje. Pitisha ukucha kwenye kuta ambamo masikio ya pleti hukaa. Vijishimo vidogo vinasawazishwa kwa tupa laini, ukutani kote kwa usawa. Vikiwa virefu, tupa itaongeza nafasi na pleti zitaanza kugonga, kwa hiyo nunua nyingine. Shika gia kwa mkono mmoja na bakuli kwa mwingine, jaribu kuvizungusha kinyume. Ulegevu mwingi maana yake ripiti au springi za nyuma zimechoka. Hiyo ndiyo kelele ya kugongagonga inayosikika injini ikiwa imetulia na kupungua ukibana klachi.

Sasa nenda dukani, na kila kitu cha zamani kiwe kwenye mfuko. Mjini, zunguka maduka ya spea ya Majengo na Sabasaba kwanza. Linganisha kipenyo, idadi na upana wa masikio, na meno ya ndani ya pleti za chuma. Kwa nyumba, hesabu meno ya gia moja baada ya nyingine. Jino moja likizidi, halitakaa na gia ya krenki. Ukiagiza Kariakoo iletwe na basi hadi stendi ya Nanenane, tuma picha za vipimo pamoja na spea ikiwa kando ya rula. Kwa spea za Honda zenyewe, namba husaidia: 22201 ni pleti ya msuguano, 22321 ya chuma, 22401 springi, 22100 nyumba. Namba ya kati inayofuata ndiyo inayotaja modeli. Nyumba nzuri iliyotoka kwenye pikipiki chakavu mimi naichagua kabla ya mpya isiyo na jina.

Pleti mpya za msuguano zilowe kwenye oili mpya usiku kucha, au angalau saa moja. Zikifungwa kavu zinaweza kuungua siku ya kwanza.

Wakati zinalowa, safisha chujio la mzunguko lililo kwenye ncha ya krenki, lile la kifuniko chenye skrubu tatu. Unga wote wa pleti umegandamana humo kama udongo wa mfinyanzi. Kwangua kwa kijiti, osha kwa petroli.

Kupanga kunaanza na pleti ya msuguano na kuisha na ya msuguano, chuma katikati. Pleti za chuma zina upande wenye kingo kali na wenye kingo za mviringo. Zote zitazame upande mmoja. Fungu linapangwa kwenye kitovu pamoja na sahani ya nyuma (ile inayobana pleti kutoka nyuma), kisha linaingia kwenye nyumba. Kosa linalorudisha kazi mezani ni meno ya sahani ya nyuma kutokaa ndani ya kitovu: bolti zinakaza, kila kitu kinaonekana sawa, klachi haishiki. Sukuma kwa kidole uhakikishe hakuna mwanya. Kaza bolti nne kwa kukatiza kwa spana fupi na nguvu ya kiganja tu, maana uzi ni wa aluminiamu.

Gasketi ya zamani ing'oe yote. Siliko (gundi ya kuziba) ukiitumia, iwe nyembamba na mbali na tundu la oili linalopita kwenye kava kwenda krenki. Likiziba, krenki inakauka. Weka oili karibu lita moja, upime kwa kijiti bila kukikaza. Rekebisha mchezo wa waya, endesha kwa upole kilomita mia, kisha urekebishe tena, kwa sababu pleti mpya hukaa na mchezo hubadilika. Oili hiyo imwage kwenye kilomita 500.