Mistari ya wima

Ukiwasha gemu la NES, ile mashine ya zamani ya michezo ya Nintendo, ukakuta skrini nzima imechanwa na mistari ya wima, huku muziki unapiga vizuri kabisa, usikimbilie kusema kaseti imekufa. Muziki ukiwa mzima maana yake programu inasomeka. Kaseti ya aina hii ina chipu mbili za ROM, yaani kumbukumbu ya kusomwa tu, moja ya programu na nyingine ya picha, na tatizo liko kwenye hii ya pili.

Ninachokipenda katika ugonjwa huu ni kwamba skrini yenyewe inakutajia mguu wa chipu ulioumia. Picha zote za NES hujengwa kwa vigae vya nukta 8 kwa 8, na kila baiti hubeba nukta 8 za mstari mmoja wa kigae. Kila nukta hupita kwenye njia yake ya data, yaani mguu wake wa chipu, na njia hizo huitwa D0 hadi D7. Njia moja ikikatika, safu ileile ya nukta huharibika katika kila kigae. Safu ya kwanza kushoto ni D7, ya mwisho kulia ni D0. Ila uangalie mandhari, si wahusika: wahusika hugeuzwa kulia na kushoto, na mstari huhama nao. Ingekuwa njia ya anwani, ile inayoiambia chipu data ipi isomwe, ndiyo imekatika, usingeona mistari hii. Mara nyingi ungeona herufi na matofali yamekaa mahali pasipo pao.

Yangu ilikuwa D7. Nikafungua, nikaweka lenzi, na kweli: kutu ilikuwa imeula mguu hadi ukakatika pale unapoingia kwenye mwili wa chipu. Hakuna hata kijipande cha kushikia waya.

Hapa wengi hung'oa chipu na kuweka EPROM mpya, chipu ya kumbukumbu unayoweza kuiandika mwenyewe. Inafanya kazi, sibishi. Lakini EPROM hushika data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja taratibu miaka ikienda. ROM ya kiwandani data yake iliumbwa ndani ya silikoni tangu siku ya kutengenezwa, haifutiki. Kuitupa kwa sababu ya mguu mmoja naona ni uharibifu.

Kwa hiyo nikachimba. Chuma cha mguu hakiishii nje. Kinaendelea ndani ya plastiki nyeusi kuelekea katikati ya chipu. Unakwangua plastiki kwa ncha ya kisu chembamba, kidogo kidogo, unapuliza vumbi, unatazama tena. Ni kazi ya kuchosha shingo. Ukienda ndani sana utafikia nyuzi nyembamba mno zinazounganisha chuma na silikoni, na zikikatika hizo ndipo unaweza kuiita maiti. Mimi nilisimama mara tu chuma kilipong'aa, upana wake haufiki milimita. Nikapaka fluksi, dawa ya kusafisha chuma ili risasi ishike, nikagusa kwa pasi ya kulehemu sekunde mbili tu, risasi ikashika. Kisha waya mwembamba hadi kwenye njia yake kwenye bodi, na tone la gundi juu yake, maana waya usioshikiliwa hung'oka kwa kuguswa tu.

Kabla ya kuwasha nilipima kwa multimita, waya hadi kwenye meno ya kaseti. Ikalia, yaani njia imeungana. Mistari imeondoka yote.

Mezani imebaki kaseti ya Game Boy, mashine ya michezo ya mkononi ya Nintendo, ambayo mwenyewe anataka sevu yake ya utotoni, yaani mchezo aliouhifadhi, isiguswe. Sevu hizo zimo kwenye SRAM, chipu ya kumbukumbu inayosahau kila kitu umeme ukikatika, na kinachoishikilia ni betri ndogo ya volti 3 iliyolehemewa ndani. Ukiitoa betri bila kulisha SRAM umeme kutoka nje, umefuta kila kitu. Nimeipima jioni hii: volti 2.6. Bado kuna cha kuokoa, lakini haiwezi kusubiri sana, kwa hiyo kesho inatangulia kazi nyingine zote.