Namba 63 ilidondoka

Jumamosi iliyopita nilimpeleka dogo wangu, mwanangu wa miaka 11, kwenye majaribio ya kituo kimoja cha mpira hapa Mtwara, jina silitaji maana mji wenyewe huu tunajuana. Fomu elfu tano. Tumetoka Chikongola na bajaji alfajiri, tunafika watoto kama 90 washajaa kiwanjani, wengine wa Mikindani, kuna mmoja kaja na bibi yake kutoka Nanyamba wakalala mjini kabisa. Halafu eti ni chini ya miaka 13 na kuna mmoja pale ndevu zinaanza kuota, haya.

Kila mtoto kapewa namba, karatasi iliyoandikwa kwa makapeni, inabandikwa kifuani na selotepu. Dogo akapata 63.

Sasa selotepu na joto la Mtwara mnajua wenyewe. Dakika kumi tu jezi imelowa, dogo kawapiga chenga wawili katoa pasi safi ya goli, na karatasi ishadondoka vumbini. Kocha na daftari lake anauliza "huyo namba ngapi?", mi nikapayuka "sitini na tatuuu!" mpaka mama mmoja akageuka kunicheka. Kocha hakuandika kitu. Jioni zikasomwa namba 20, 63 haimo, maelezo hamna, tukapanda bajaji kimya.

Usiku nikampigia mdogo wangu yuko Kanada, mwanae anacheza hoki ya barafu (msicheke, Tanzania nasi tulishapeleka timu ya hoki Olimpiki, Moscow 1980, ila ile ya uwanjani, sio ya barafu). Nilitaka pole tu, akaniambia "kaka, huku sisi hiyo ni kila mwaka". Yani hata kama mwaka jana mtoto alikuwa timu ya juu, msimu ukiisha anajaribiwa upya. Wanagawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, U11 (yaani chini ya miaka 11), U13, U15, halafu ndani yake kuna ngazi, AAA ndo kileleni, AA, A, wanashuka hivyo mpaka ligi ya kujifurahisha. Mtoto anavaa kizibao chenye namba kubwa, anaingia kwenye barafu siku kadhaa, mara ateleze mbele, mara arudi kinyumenyume, mara mechi ya wao kwa wao, na juu jukwaani kuna watu kadhaa na makaratasi kila mmoja anaweka maksi zake. Makipa wanaangaliwa peke yao. Sehemu nyingi wanatafuta watu wasio na mtoto pale isije ikawa mchongo, na wazazi bado wanalalamika kabebwa mtoto wa kocha, kwa hiyo hapo tuko sawa tu. Matokeo ni namba zinawekwa mtandaoni, mdogo wangu anashinda na simu mkononi kama anasubiri ya darasa la saba.

Ila kilichoniuma ni hiki, asiyechukuliwa AA anashuka kujaribu A, akikosa anashuka tena, mwisho wa siku ana timu. Kwetu ukikatwa unarudi kucheza chandimu mtaani. Sisemi kwao pepo, viatu vya kuteleza, helmeti, fimbo, na mguu wa mtoto haungoji, ada ndo usiulize.

Nikamuuliza wale wa jukwaani wanaangalia nini hasa. Akasema mwaka wa kwanza mwanae alishushwa, kumbe sio kwamba hajui, akinyang'anywa anasimama, mikono kiunoni, anamtazama mwenzake akikimbia. Wanakutazama zaidi pale ambapo huna mpira.

Hapo nikanyamaza. Maana baada ya ile pasi dogo alisimama, akainama kuokota karatasi, akawa anaipuliza vumbi, na yule winga aliyekuwa anamkaba akapita pembeni yake mpaka golini. Na aliyempigia kelele "okota namba, okota!" ni nani? Ni mimi baba yake. Siku nzima namlaumu kocha wa watu.

Mwezi ujao kuna majaribio mengine nimesikia, kituo kingine. Leo nimepita sokoni nikanunua pini nne. Dogo kazitazama weee, akaniuliza "baba, ikidondoka tena?" Nikamwambia iache hapohapo ukimbie. Mama yake toka jikoni akasema mleteni hiyo jezi mapema tu, yeye ataishona.