Siku moja pangoni: kabla mgeni hajatia mguu majini

Saa 10 na nusu alfajiri

Mwezi wa jana ulikuwa mpevu, kwa hiyo kabla sijatoka kitandani najua leo ni bamvua, bahari hujaa sana na kupwa sana. Huku Jambiani, Unguja, siku za bamvua bahari hujaa karibu saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni. Katikati yake, mnamo saa 4 asubuhi, hupwa mpaka akina mama wa mwani wanatembea kwa miguu mbali kabisa. Pango ninalofanyia kazi liko ndani kidogo, kwenye uwanda wa mawe, na ukiwa pale bahari huioni. Lakini maji yake yanaisikia. Bahari ikipwa nayo hushuka, kwa kuchelewa na kwa kiasi kidogo, na kiasi hicho kidogo kinatosha kulileta jiwe la chini karibu na goti la mtu.

Nasali, nakunywa chai ya tangawizi na kiporo cha muhogo wa nazi, napanda baiskeli.

Saa 12 na robo asubuhi

Kazi ya kwanza ni ngazi. Watu wakisikia nawaongoza wageni kuelea kwa tyubu pangoni hudhani kuzama ndiko kunakoninyima usingizi. Mimi naogopa ngazi. Majeraha karibu yote niliyoyafunga kwa mikono yangu yametokea pale, au kwenye ukingo wa matumbawe, mtu bado hajalowa. Usiku popo huangusha uchafu wao, unyevu unaugeuza ute, na mgeni anakuja kutoka kwenye jua kali, macho hayajazoea kiza, miguuni ana ndara.

Basi nazilowesha ngazi zote 31 kwanza, kitambaa nimejifunga puani, kwa sababu kinyesi cha popo kikikauka vumbi lake huweza kubeba kuvu inayoingia mapafuni. Kisha napiga brashi na mchanga, nazoa uchafu kwa ndoo. Siuachi uteremke majini. Maji haya ni ya mvua iliyochujwa na mawe ya chokaa, yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake, na wazee wa kijiji waliyachota kunywa kabla ya mabomba kufika.

Chini kabisa tumesimamisha kijiti cha mkoko chenye mistari ya rangi. Saa 12 na nusu mstari mwekundu umeanza kutokeza na maji bado yanateremka. Maana yake kundi la asubuhi halitaruka kutoka jiwe la juu. Hata mmoja, hata akiwa bingwa wa kuogelea kwao.

Halafu majaketi ya kuelea. Kila moja nalivuta mikanda, nalibana kifuani, naliangalia mishono. Lililokuwa jepesi mwaka jana na leo ni zito limeshaanza kunywa maji, naliweka pembeni. Filimbi ipo? Mkanda wa kupita katikati ya miguu upo? Huo mkanda wengi huudharau kwa sababu ya haya, lakini bila huo jaketi hupanda. Niliona kwa macho yangu katika kazi yangu ya zamani, mahali nisipopenda kupataja: mama mmoja alipoteleza kutoka kwenye tyubu, jaketi likamfunika uso, mikono ikawa inalisukuma jaketi badala ya kushika kamba. Tulimtoa salama. Lakini sura yake alipotoka sijaisahau, na jaketi lile siku ya pili lilivaliwa na mtu mwingine.

Tyubu zetu ni za magurudumu ya lori. Vali zake nazifunga matambara, kwa sababu chuma kile huchubua ubavu. Nazipanga kivulini: mpira mweusi ukikaa juani nusu saa unaunguza mapaja. Na tyubu uliyoijaza upepo ikiwa na joto, ukiitia kwenye maji baridi inalegea, ndiyo maana naijaza tena ikiwa imeshalowa.

Saa 3 asubuhi

Kundi la kwanza ni watu watano. Wawili wao wamewahi kuelea mapangoni kule Belize, Amerika ya Kati, ambako ndiko mchezo huu unakosifika. Mto Caves Branch unapita ndani ya milima ya chokaa, mtu huketi kwenye tyubu, kofia ngumu kichwani na taa kwenye paji la uso, mkondo unamchukua. Wananiuliza mkondo wetu uko wapi. Nawaambia pango letu halina mkondo, ni bwawa, na tutakwenda kwa kamba. Kule hatari kubwa ni mvua, ikinyesha juu mto hupanda na safari hufungwa. Hapa hatari ni kiza, matumbawe, dari linaloinama upande wa kaskazini, na mtu kujidai hana hofu.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wa kazi hii. Wao usalama huuweka upande mmoja, na starehe ya mgeni huihesabu kuwa kitu cha kuongezea, kama kahawa baada ya chakula. Mimi nimeona kinyume. Anayetetemeka kwa baridi vidole vyake havishiki kamba. Aliyebanwa na jaketi hulifungua kifungo kimoja kimyakimya. Aliyeona haya kuuliza "maji haya kina chake kiasi gani?" ndiye atakayesimama pasipo na pa kusimama. Kwa hiyo nataka kila mtu awe amestarehe kabla hajaingia, na hilo nalihesabu pamoja na kamba na taa.

Leo kuna mzee wa Kijerumani mwenye mwili mkubwa. Anatazama majaketi, anatabasamu, anasema yeye ataingia bila. Najua anachokikwepa: kusimama mbele ya watu, mikanda isifike. Tulinunua makubwa matatu kwa ajili ya siku kama hii, na moja nilikuwa nimeshalitundika kwenye msumari wa nyuma, mbali na macho ya wengine. Nampeleka pale. Linafunga, na nafasi ya vidole viwili inabaki begani. Hasemi kitu, ananishika mkono tu.

Majini tunakwenda mmoja nyuma ya mwingine, kamba imevutwa kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenzangu yuko mbele, mimi nyuma. Kila mmoja wetu ana kurunzi mbili na taa ya kichwani. Maji yakipungua juu ya jiwe naita "Nyanyua kiuno!" na wote wanajinyanyua. Dari likiinama wanalala chali, kofia zinagusa mwamba, tak, tak. Vijiti vya mawe vinavyoning'inia tunavitazama bila kuvigusa, na popo hatuwamuliki. Kona moja hatuiendei kabisa. Wazee waliweka ubani na vitambaa pale na wengine bado wanakuja. Sisi tunapiga hodi tunapoingia na tunaiacha kona yao.

Juu, wakati wakijikausha, nawasimulia kuhusu pango la Kuumbi, si mbali na hapa, ambako wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya pundamilia na nyati. Zama hizo Unguja ilikuwa imeshikana na bara, bahari ilikuwa chini. Mzee wa Kijerumani anayatazama mawe kwa muda mrefu.

Saa 5 na nusu

Wasichana 14 wa kidato cha tatu, kutoka skuli moja ya mjini, na walimu wawili. Hawa nimewangoja wiki nzima. Wageni wa ng'ambo wanaingia maji yetu kila siku, na watoto wetu wanazaliwa kisiwani wanakua hawajui kuelea, wasichana zaidi. Mie ni wa Wete. Nilikuwa mtoto ilipozama ile meli mbele ya Nungwi, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, ikielekea kwetu Pemba. Mtaani kwetu matanga yalikuwa nyumba kwa nyumba. Nilipokuwa mkubwa nikaenda kujifunza kuogelea, na mpaka leo jaketi nalishika nikimkumbuka mama yangu mdogo.

Baibui ndani ya maji ni mzigo, linajaa na kujizonga miguuni. Kumwambia msichana avue nayo si njia. Nilikwenda kwa fundi cherehani akanishonea suruali na kanzu fupi za kitambaa chepesi kisichonywa maji, za saizi nne, na ushungi wa kuvaa kama soksi. Ushungi wa pini haufai, pini hutoboa tyubu. Mwenzangu wa kiume anabaki juu ya ngazi na kamba ya kurushia, mimi na dada mmoja wa hapa Jambiani tunaingia. Kanuni yetu ni wageni sita kwa mwongozaji mmoja, kwa wasioogelea wanne, kwa hiyo wataingia kwa zamu mbili, saba saba, na mwalimu mmoja anayejua maji anasaidia ukingoni.

Mmoja amekaa ngazi ya mwisho, magoti kifuani.

"Mtieni tu, Dada, atazoea mwenyewe," mwalimu ananiambia.

"Hapana, Mwalimu. Niachie mimi."

Mtu akitumbukizwa ghafla kwenye maji baridi anavuta pumzi bila kutaka, na ikiwa kichwa kiko chini anavuta maji. Hata ukimtoa hapo hapo, umeshamfundisha kuwa maji ni adui na mkubwa wake hasikilizi. Nakaa naye. Sisemi kitu kwanza.

"Bibi amesema mapangoni kuna wenyewe," ananong'ona.

"Bibi yako kasema kweli. Ndiyo maana tulipiga hodi. Umenisikia?"

"Nilisikia."

Tunatia miguu mpaka kifundoni. Tunahesabu pumzi kumi. Mpaka goti, kumi nyingine. Namwagia maji kwenye mikono, kisha shingoni, kwa kiganja. Wenzake wameshazunguka mara mbili na wanamwita. Nikamfungia mkanda, nikamwonyesha kuwa jaketi peke yake linanibeba mimi, bila tyubu. Hili nalionyesha kila kundi: tyubu ni kiti, ukiteleza hukai nayo. Kinachokushika ni jaketi. Halafu akakaa, kamba fupi kutoka kwenye tyubu yake hadi kiunoni kwangu.

Tulifika katikati ya bwawa. Akaniuliza kina ni kiasi gani, nikamwambia ukweli, mita tatu. Akanyamaza, akalala chali. Kwa sauti ndogo akaanza kusoma kasida aliyojifunza chuo cha Kurani, na pango likaipokea. Wenzake wakanyamaza wote.

Baadhi ya waongozaji huzima taa zote hapo katikati ili mgeni aonje kiza. Mimi na watu wa mara ya kwanza sizimi.

Saa 8 mchana

Adhuhuri nimesali, wali na mchuzi wa changu nimekula kwa haraka. Naandika daftari: walioingia, waliotoka, kidole kilichochubuka, tyubu nambari 6 iliyolegea kabla ya wakati. Majaketi yamelowa na yamepozwa na kivuli, wageni wa mchana wataona baridi, kwa hiyo nayaanika upepo kidogo.

Saa 9 na nusu

Dereva anashusha watu tisa. Tulikubaliana watano. Na mmoja wao, kijana mcheshi, pumzi yake inanuka bia.

Dereva ananivuta pembeni. "Dada yangu, wabane tu. Nusu saa, wanatoka. Hoteli imeshachukua pesa zao."

Namwambia leo jioni bahari inajaa, maji pangoni yanapanda, lile dari la kaskazini litakuwa karibu na pua za watu. Wanne, kisha wanne, upande wa kusini tu. Na yule kijana ataketi juu, nitampa dafu na kivuli, na kesho anakaribishwa bila kulipa tena. Dereva akapandisha sauti. Akasema kuna mapango mengine, nayo hayana maneno mengi. Ni kweli, na naumia nikilisikia hilo, kwa sababu kila mgeni anayekwenda kule ni mshahara wetu unaopungua, na wako waongozaji wanaokubali kwa kuwa nyumbani hakuna unga. Sitaki kuwahukumu. Lakini kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii kiko kifuani mwangu mimi, na nikimwingiza huyu, nitakayemtafuta gizani ni huyu.

Wanne wakaondoka na dereva. Watano wakabaki, mmoja wao yule kijana, aliyelala usingizi chini ya mbuyu.

Saa 11 na nusu jioni

Nasuuza majaketi, nayatundika kwenye kivuli, jua huyala. Kofia nazifuta ndani kwa sabuni. Kurunzi nazihesabu, betri nazichomeka. Kijiti cha mkoko kinaonyesha maji yamepanda viganja viwili.

Mwisho naichukua ile tyubu nambari 6, naijaza upepo, naizamisha kwenye beseni na kuigeuza polepole. Viputo vinatoka kwenye tundu dogo sana, la pini. Ndiyo aliyokalia yule msichana. Alikuwa ameificha pini moja chini ya ushungi wetu, kwa kuogopa nywele zisionekane, na mimi sikumuuliza, nilimwambia tu "toa pini" mbele ya watu kama nilivyowaambia wote.

Nimelikwangua lile tundu, nimelitia gundi na kiraka. Kesho nitamwona fundi aniongezee kitambaa cha ndani kwenye ule ushungi, ukamate vizuri kwenye paji, na pale wanapobadilishia nguo nitaweka pazia na kisahani cha pini.