Tumbo la Jumatatu

Binti yangu yuko darasa la nne, mwaka wa upimaji wa kitaifa. Jumatatu ikifika tumbo linamuuma. Jumamosi haliumi, mnaelewa.

Zahanati wamempima, hamna kitu. Bibi yake kasema anadeka tu.

Leo kwenye bajaji kutoka Nkuhungu sikumwambia "usiogope". Nikamuuliza: kinachokutisha hasa ni nini?

Kimya mpaka tunakaribia Sabasaba. Anavuta ukingo wa sweta, uzi umeshafumuka kidole kizima.

"Hesabu za ubaoni, mama. Nikikosea wanacheka."

Kumbe wala siyo mtihani!

Nimeongea na mwalimu wake. Kakubali kwa sasa amsahihishie kwenye daftari, ubaoni ataitwa akiwa tayari. Mwalimu muelewa, Mungu ambariki.

Wazazi wenzangu, wa kwenu mnawasaidiaje?