Kwa nini .sort() inaweka 90 baada ya 12000

Chukua safu (orodha) ya bei nne, jina lake bei: [500, 12000, 80, 3500]. Iitie .sort(), amri ya kupanga, bila kitu ndani ya mabano, JavaScript itakupa [12000, 3500, 500, 80]. Ukitazama juujuu utasema imepanga kuanzia kubwa. Wapi! Ongeza 90 uone: inakwenda kukaa mwisho kabisa, nyuma ya 80.

Sort ikiachwa yenyewe hugeuza kila namba kuwa maandishi, kisha hulinganisha herufi kwa herufi kama kamusi. 12000 inaanza na 1, 80 inaanza na 8, basi 12000 inatangulia. Ipe kipimo:

bei.sort((a, b) => a - b)

Jibu likiwa hasi, a inatangulia. Likiwa chanya, b. Ukitaka kubwa kwanza, geuza iwe b - a. Wengine huandika a > b, lakini hiyo hurudisha kweli au si kweli tu, hasi haipatikani kamwe, na kwenye Chrome safu inabaki vilevile ilivyokuwa, bila kosa lolote kuonyeshwa. (Float64Array, safu maalumu ya namba tupu, hupanga kwa ukubwa bila kuambiwa. Usiniulize kwa nini safu ya kawaida ilinyimwa.)

Kumbuka pia sort huvuruga safu yenyewe. Kama mpangilio wa awali unahitajika, tumia bei.toSorted(...), iliyoingia mwaka 2023, au nakili kwanza: [...bei].sort(...).

Balaa kubwa zaidi liko mlangoni, kwenye fomu. Kinachotoka kwenye kisanduku cha kujazia ni maandishi, hata mtu akiandika tarakimu tupu, kwa hiyo "500" + "200" ni "500200". Na watu wetu huandika "12,000/=". Number, inayogeuza maandishi kuwa namba, ikipewa hiyo inatoa NaN (yaani "si namba"), na afadhali hivyo, maana NaN ikiingia kwenye jumla utaiona. parseInt, inayookota namba nzima kutoka mwanzo wa maandishi, ndiyo mbaya: inasoma mpaka kwenye mkato, inakupa 12, kimya.

Kufuta kila kisicho tarakimu au nukta nako kuna mtego: "Sh. 500" inabaki ".500", yaani nusu shilingi. Njia salama ni kuondoa mikato, kisha kuokota namba yenyewe (s ni maandishi yaliyotoka kwenye fomu):

const m = s.replace(/,/g, "").match(/\d+(\.\d+)?/)
const n = m ? Number(m[0]) : NaN

Usipitishe parseInt moja kwa moja kwenye map, amri inayogeuza kila kipengele cha safu. ["10","10","10"].map(parseInt) hutoa [10, NaN, 2], kwa sababu map huipa pia nafasi ya kila kipengele, nayo parseInt huisoma kama kizio cha namba (kizio cha kumi, cha mbili na kadhalika). Andika .map(Number).

Kujumlisha: bei.reduce((j, x) => j + x, 0). Ukiisahau ile 0, safu tupu italeta kosa la TypeError. Math.max(...bei), inayotafuta bei kubwa kuliko zote, yenyewe hailalamiki, kwa safu tupu hutoa -Infinity (hasi isiyo na mwisho), kwa hiyo angalia bei.length kabla hujaionyesha kwa mteja.