Bia ya moto haifichi kitu

Nimesimama kaunta miaka mingi hapa Arusha, na swali la "ya moto au ya baridi?" nimeliuliza mpaka likawa linatoka lenyewe kabla mteja hajavuta kiti. Kuna jambo nililiona mapema sana: waliokuwa wakinirudishia chupa walikuwa wazee wa ya moto. Mzee anamimina nusu glasi, ananusa, anapiga funda moja, kisha anaisukuma pembeni. "Binti, hii imeshinda juani." Kijana wa ya baridi, aliyepewa chupa ya kreti hilohilo ila iliyokaa friza, anaimaliza na kuagiza nyingine.

Baa nimeiacha. Siku hizi nanywea nyumbani, Tengeru, na watu wanaonifahamu bado wananiuliza bia gani ni nzuri. Siwajibu kwa jina la bia. Nawaambia waitoe kwenye friji, waiache mezani kama dakika 15, ndipo tuzungumze. Bia iliyo karibu na nyuzi sifuri haina harufu, na ulimi wenyewe unakuwa umekufa ganzi. Utamu wa kimea hausikiki, uchungu hausikiki, kasoro nazo zinapita kimya kimya. Ikifika nyuzi 8 hadi 12 kila kitu kinajitokeza. Bia inayosifiwa kwa ubaridi wake tu mimi huitazama kwa jicho la pembeni.

Lakini niwe mkweli kwa ndugu zangu wa pwani. Bia ya moto ya Arusha mwezi wa saba ni bia iliyopoa vizuri tu, mtu anaweza kuinywa jioni nzima. Ya Dar mwezi wa pili ni uji. Hiyo sikushauri uinywe, nakushauri uinuse.

Halafu glasi. Baani nawaelewa wanaokunywa kwa chupa: chupa unaishika mwenyewe, hakuna wa kukutilia kitu, na glasi hujui imeoshwa na maji gani. Nyumbani sababu hiyo haipo. Mdomo wa chupa ni mdogo, pua yako haipati chochote, na sehemu kubwa ya unachokiita ladha inatoka puani. Kwa hiyo mimina. Anza ukiwa umeinamisha glasi, ikifika nusu isimamishe na umimine katikati ili povu lipande. Wanaoogopa povu wanakunywa gesi yote, kisha wanalalamika tumbo limejaa.

Hiyo glasi iwe safi kweli, maana mafuta ndiyo yanayoua povu. Glasi iliyonywewa maziwa asubuhi, ikaoshwa kwenye beseni moja na sufuria ya pilau, ikafutwa kwa kitambaa kilichofuta meza, haiwezi kukupa jibu la haki. Kuna namna ya kuijua. Iloweshe ndani, mwaga maji, kisha nyunyiza chumvi kidogo ukiizungusha. Mahali palipo safi chumvi inashika sawasawa. Penye mafuta inateleza na kuacha mapengo. Ioshe upya kwa sabuni, isuuze mpaka sabuni iishe, iache ikauke yenyewe imeinamishwa. Na ukiona viputo vimeganda ukutani mwa glasi, usifurahi ukasema bia ina nguvu. Huo ni uchafu wa glasi yako.

Baada ya hapo ndipo povu linaanza kusema kitu. Lager, aina ya bia kama hizi zetu nyingi za chupa, ikitengenezwa vizuri inasimamisha povu la vidole viwili, jeupe, la viputo vidogo, na kila funda unalopiga linaacha mstari ukutani mwa glasi. Kazi hiyo inafanywa na protini za shayiri zikishikana na uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia kuipa uchungu. Povu likianguka na kuisha mara moja ndani ya glasi safi, bia hiyo ama imekaa sana, ama gesi imetoka kwenye kizibo, ama kimea kilikuwa haba. Kabla hujahukumu, hakikisha huna lipstiki mdomoni wala vidole havijatoka kwenye nyama choma. Nimeona povu la bia nzuri likiuawa na mnywaji mwenyewe.

Sasa inuse. Yule mzee wa "imeshinda juani" hakuwa mganga. Mwanga ukiipiga bia, unavunja vitu fulani vinavyotoka kwenye hopsi na kutengeneza harufu ambayo sisi tuliokulia kijijini tunaijua: kicheche amepita karibu na banda la kuku. Si joto linaloleta hiyo, ni mwanga. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa, ya kijani inazuia kidogo sana, na nyeupe ni kama hakuna kitu. Hiyo inaweza kuharibika kwa dakika chache za jua kali. Ndiyo maana Heineken ya kijani ukiinunua dukani naomba utazame ilikuwa imekaa wapi. Kopo halina tatizo hili kabisa.

Na hapa nina ugomvi na duka moja la jumla, silitaji. Wanapanga makreti nje, barabarani, tangu asubuhi, upande wa jua la mchana, wapite wateja waone mali ipo. Makreti yetu ya plastiki yana matundu, shingo zote ziko nje. Mimi nikienda nasema nataka kreti la ndani, la chini kabisa. Kijana wa pale ananuna, analazimika kushusha mengine matatu. Anune tu. Nimeshawahi kumwambia bosi wake aweke hata turubai, akanijibu kwamba bia si dawa. Sawa, si dawa, lakini hata maharage huyaaniki barabarani siku nzima ukayaita mapya.

Joto nalo lina kazi yake, ila inakwenda polepole. Hewa kidogo inayobaki chupani wakati wa kujaza inaendelea kuila bia, na kadiri ghala lilivyo la moto ndivyo inavyokwenda haraka. Dalili yake ni harufu ya boksi lililoloa mvua, na nyuma yake utamu fulani wa asali iliyochoka. Ukiupata, soma tarehe, kwenye lebo au shingoni. Watu wanaangalia kama tarehe imepita tu. Mimi naangalia imebaki miezi mingapi, kwa sababu lager haingoji tarehe ifike ndipo ianze kuchoka. Inachoka tangu siku ilipotoka kiwandani. Kati ya makreti mawili nachukua lenye tarehe ya mbali zaidi, na nikifika nyumbani naliweka chini ya ngazi, chupa zimesimama, mbali na jiko.

Kasoro nyingine zinatoka kiwandani kwenyewe. Ukisikia siagi, ile ya bisi za sinema, basi hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi. Ukisikia maji ya mahindi ya kuchemsha, au kabichi, ni kimea ambacho hakikuchemshwa vya kutosha au kilichelewa kupozwa. Kidogo tu kwenye lager si kosa, kikizidi ndiyo kosa. Tufaha bichi ni bia changa. Ladha ya chuma au sarafu mdomoni, naweka glasi chini na sirudii. Bia ikikurukia usoni ulipofungua tu, uliza kwanza kama bodaboda aliyeileta alipita barabara ya mawe. Iache siku moja isimame, ufungue nyingine. Ikirudia, basi shida iko ndani yake, na mara nyingine shida hiyo huanzia kwenye shayiri iliyoota ukungu shambani.

Uchachu je? Kwenye lager uchachu ni wadudu walioingia. Lakini mama mkwe wangu, mtu wa Rombo, ananicheka nikisema hivyo, na ana haki, kwa kuwa yeye anapima kwa mbege. Mbege inachacha, ndiyo kazi yake. Yeye anachopima ni mizani: utamu wa ndizi, uzito wa ulezi, na uchungu wa magome ya msesewe, hakuna anayemzidi mwenzake. Anaitazama pia siku yake. Ya leo ni tamu, wanapewa hata wasiozoea. Ya kesho ina ukali. Ya keshokutwa anaijua mwenyewe na wazee wake. Pumba za ulezi zikielea juu hapo si uchafu. Aliwahi kuonja lager yangu moja ya bei mbaya, tena ya chupa ya kijani, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hii mlisahau kuweka ndizi?"

Ukungu kwenye glasi, yaani bia isiyoonekana angavu, unahitaji subira. Bia ya baridi sana inaweza kuwa na ukungu mwepesi unaoondoka ikipata joto. Hiyo ni salama. Ukungu usioondoka, kwenye bia ambayo kwa kawaida hung'aa, ni dalili ya uzee au wadudu. Na vipande vyeupe vinavyoelea mara nyingi vinamaanisha iliganda. Bia huganda nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani inashuka mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo ile tabia ya kusema "niiwahishe humo kidogo" halafu taarifa ya habari ikaanza ndiyo inayotupasulia chupa.

Mtu mmoja huniambia kila mara kwamba bia ikitoka friji ikapata joto haipaswi kurudishwa, itaharibika. Hakuna kitu kama hicho. Bia nyingi za chupa zimeshapitishwa kwenye joto la nyuzi kama 60 kiwandani ili kuua wadudu. Safari moja ya mezani haitazidi hapo. Kinachoiharibu ni wiki na miezi ya joto. Irudishe friji, unywe kesho.

Na ukali si ubora. Safari ina kilevi asilimia 5.5, Kilimanjaro 4.5, Tusker ya Kenya 4.2, namba hizo zinakuambia utaamkaje, hazikuambii imetengenezwaje. Hata mahindi na mtama yakitiwa kwenye bia, siwezi kuyaita udanganyifu. Wajerumani wa Bavaria walijifunga kwa sheria ya mwaka 1516 kwamba bia ni shayiri, hopsi na maji, na hiyo ni mila yao nzuri. Kenya walipoleta Senator Keg mwaka 2004, ya bei ya chini, mtama ukaja kupata soko humo na wakulima wakauza. Swali langu ni lilelile: imetoka safi au haikutoka safi?

Kwa ubishi wa majina kuna dawa yake. Shemeji yangu anaapa kwamba anaitambua bia iliyotengenezwa Mbeya na ile ya Arusha, jina lilelile, kwa funda moja. Wanywaji wengi wanasema hivyo. Nikamwekea glasi tatu zinazofanana, nimezimiminia jikoni, nimeziandika chini kwa kalamu: mbili za Arusha, moja ya Mbeya. Kazi yake kuitoa ile iliyo peke yake. Viwandani wanaonja hivyo hivyo, kwa sababu mbele ya lebo kila mtu ni bingwa. Mtu anayekisia tu atapata mara moja kwa tatu, kwa hiyo ukipatia mara ya kwanza hujathibitisha kitu; inabidi urudie, glasi zikibadilishwa nafasi, na mmiminaji asikae mezani maana uso wake utatoa siri.

Shemeji alipatia raundi ya kwanza, akasimama, akataka tumpigie makofi. Raundi zilizofuata akawa anachagua glasi yenye povu kubwa. Nilipomwonyesha maandishi chini ya glasi akasema glasi ndizo zenye matatizo, kisha akasema ni kwa sababu nimempa za moto. Anataka marudiano kwa bia za baridi. Nimemwambia sawa, ila safari hii kreti analeta yeye, na asilichukue pale nje.